Silinda na pistoni mbadala za misumeno ya mnyororo ya zamani: ipi inafaa, ipi ubaki nayo mbali

Boksi likiandikwa "044" halijakuambia kitu. Misumeno ya Stihl 044 yote ina silinda ya kipenyo cha milimita 50, lakini ya mwanzo ilitoka na pini ya pistoni ya milimita 10, na iliyofuata, hadi MS 440, ikawa na ya milimita 12. Ukiagiza kwa jina tu, unaweza kupokea kiti nzima (seti ya silinda na pistoni yake) isiyokubali konrodi yako, ule mkono unaounganisha pistoni na kirenki. Kwa hiyo fungua mashine kwanza, pima kwa kalipa, ndipo uagize.

Vipimo vya kuchukua ni vinne: kipenyo cha silinda, kipenyo cha pini, umbali kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni, na unene wa ringi. Rula haitoshi. Stihl 026 za mwanzo zina milimita 44 na MS 260 ina 44.7, kwa macho ni kitu kimoja, lakini pistoni ya 44 ndani ya silinda ya 44.7 itacheza na kupiga kuta, na ile ya 44.7 haiingii kabisa kwenye silinda ya 44. Hata vipimo vikilingana bado kuna mtego: Husqvarna 372XP ya kawaida na 372XP X-Torq zote ni milimita 50 na cc 70.7, ila njia za mchanganyiko wa petroli na hewa zimechongwa tofauti, na pistoni ya moja si ya nyingine.

Upande wa pili, kuna misumeno inayokubaliana vizuri. Husqvarna 268 (milimita 50) na 272XP (milimita 52) zina mwendo mmoja wa pistoni, milimita 34, kwa hiyo silinda na pistoni ya 272 hukaa juu ya kirenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya 268 na kuipandisha kutoka cc 66.7 hadi 72.2. Hilo ni badiliko lenye faida kweli, mradi kabureta irekebishwe upya, maana ikiachwa ilivyokuwa injini itakosa mafuta ya kutosha.

Sasa ubora. Silinda na pistoni za Mahle au za mtengenezaji wa msumeno mwenyewe bado ndizo za kwanza, zikipatikana. Kwa mashine za zamani mara nyingi hazipatikani, au zimebaki pistoni peke yake. Nafasi ya pili ni Meteor ya Italia: uchongaji safi, ringi zinazokaa vizuri, na kwa pistoni peke yake ni chaguo lisilo na majuto. Ringi za Caber, nazo za Italia, zinafaa kununuliwa pembeni hata kwa ajili ya kiti ya bei nafuu. Nafasi ya tatu ni viti visivyo na jina, na hapo ubora hubadilika kutoka boksi hadi boksi.

Kiti isiyo na jina ikifika, usiifunge siku hiyo hiyo. Pitisha kidole kwenye kingo za matundu ndani ya silinda, hasa tundu la ekzosi. Kingo zikiwa kali kama wembe, ringi itanasa na kukatika. Zilainishe taratibu kwa msasa mwembamba, ukielekeza kutoka ndani ya silinda kuingia kwenye tundu, usije ukaibandua nikeli, lile tabaka jembamba la ndani ya silinda. Nikeli ikiwa imeanza kumeguka pale kwenye kingo, rudisha mzigo; hakuna dawa. Chungulia njia za mchanganyiko kama zina mabaki ya chuma yaliyobaki silinda ilipomiminwa kwenye kalibu. Jaribu nyuzi za plagi na za boliti za ekzosi kwa mkono: zisizonyooka hugundulika hapo. Klipu za pini zitupe, weka nzuri. Klipu laini ikichomoka inachora silinda kutoka juu hadi chini, na kiti yote imekwenda kwa sababu ya kijiwaya.

Ringi ipimwe nafasi kati ya miisho yake miwili. Isukume ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha ingiza fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda ya milimita 50, takribani milimita 0.2 ni sawa. Miisho ikigusana, joto litaikaba; nafasi ikiwa pana mno, mgandamizo unavuja.

Lakini kabla ya kununua silinda yoyote, angalia tena ile ya zamani. Misumeno hii haina tabia ya injini ya pikipiki inayochongwa ikapewa pistoni kubwa zaidi. Ndani kuna tabaka jembamba la nikeli au kromu, ukilichonga umebaki na alumini tupu. Habari njema ni kwamba michirizi mingi unayoiona si ya silinda, ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia juu ya tabaka hilo. Paka asidi ya hidrokloriki kidogo kwa pamba juu ya alama tu, nje penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Itatoa mapovu. Povu likikoma, alumini imekwisha. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha, pitisha msasa laini, paka oili. Povu lisipokoma, au ukucha ukinasa kwenye mfereji, tabaka limetoboka na silinda imekwisha. Silinda halisi iliyosafishwa hivi pamoja na pistoni ya Meteor huishinda kiti mpya ya bei nafuu karibu kila mara.

Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Ukiugeuza, miisho ya ringi inapita juu ya tundu na kunasa. Uwazi wa klipu uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Kisha pima nafasi kati ya pistoni na kichwa: ingiza waya laini wa solda kupitia tundu la plagi hadi uguse ukuta, zungusha injini, pima palipobanwa. Karibu na milimita 0.5 ni pazuri. Ikizidi 1, na viti vingi vya bei nafuu huzidi, nguvu itapungua.

Pistoni ya kwanza haikufa bure. Iliyochubuka upande wa ekzosi tu imeungua kwa mchanganyiko mwembamba, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Iliyochubuka pande zote mara nyingi imekosa oili. Iliyosagika upande wa kabureta imekula vumbi la chujio. Basi tafuta kama injini inavuja hewa: ziba ekzosi na mlango wa kabureta, jaza hewa ya bar 0.5, subiri sekunde 20. Ikishuka, paka maji ya sabuni utafute povu kwenye sili za kirenki, mpira wa kabureta na gasketi. Rudia kwa kunyonya hewa, maana kuna sili inayoziba ikisukumwa na kuvuja ikinyonywa. Anayeruka hatua hii atailaumu kiti mpya bure.

Mgandamizo wa psi 150 na zaidi ni afya. Chini ya 120 mashine itasumbua kuwaka ikiwa ya moto. Kiti mpya husoma chini kidogo mpaka ringi zikae. Tumia petroli na oili nzuri ya tu-stroki kwa 50:1, acha skrubu ya H (ya kabureta, ya mafuta ya mwendo wa kasi) ikiwa tajiri kidogo, yaani petroli izidi kidogo, na kwa matangi matatu ya mwanzo usiivumishe bila mzigo.