TAHADHARI: Kuna fundi hapa Lubumbashi anakuuzia pompe ya gari lako mwenyewe

Bamama na bababa wenye magari ya mazuti (dizeli), hasa sisi wa njia ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, someni hii hadi mwisho na mnisamehe kama maneno yatakuwa makali. Nimeuziwa pompe ya gari langu mwenyewe, ile pampu inayosukuma mazuti kwa presha. Sisemi pompe mbovu, wala pompe ya bandia. Nasema pompe ILEILE iliyofunguliwa kwenye motere (injini) ya Hilux yangu, ikaoshwa, ikapakwa rangi ya fedha, ikaingizwa kwenye boksi, nikailipia dola 480 na nikasema aksanti.

Hilux mnaijua. Tangu mvua zianze ilikuwa inaumwa. Asubuhi inakataa kuwaka mpaka betri inalia, na ikiwa na mzigo, ukikanyaga kupanda, taa ya motere inawaka, nguvu zinaisha, unatambaa nyuma ya malori huku watu wanakupigia honi na kukutukana mama yako. Ukizima na kuwasha tena inarudi sawa, eti hakuna kilichotokea. Dereva wangu akasema ni presha ya mazuti. Hapo alisema kweli.

Sasa, kabla mtu hajaniandikia "lakini mama, ulimwaminije?", nisikilizeni. Huyu bwana nililetewa na mtu wa kanisani kwetu ambaye mwenyewe alimtengenezea jenereta, na jenereta inawaka hadi leo kila umeme ukikatika, yaani kila siku. Anasali kabla ya kufungua kapo (boneti). Aliposikia jina la baba yangu akanisalimia kwa Kibemba na kupiga magoti kidogo. Na mara ya kwanza nilipompelekea gari, alisikiliza motere, akasema leo sina nafasi ya kuitazama vizuri, akakataa pesa. ALIKATAA PESA. Mwizi gani anakataa pesa? Kumbe ndiyo hesabu yake, anaacha kapato kadogo ili uje na mfuko mzima. Jina lake silitaji kwa sababu mdogo wangu anayefanya kazi kwa wakili amenikataza. Anakaa upande wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, na mimi mnanijua simu yangu iko wazi.

Siku yenyewe alifuta mikono kwa kitambaa safi, akachomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, chini ya usukani, akaniita. "Mama, mimi sitaki uamini mdomo wangu. Tazama kwa macho yako." Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili. Akanieleza taratibu, bila dharau, kwamba mmoja ni presha ambayo kompyuta ya gari inaiomba, na mwingine ni presha ambayo kihisio kwenye rampe (bomba linalogawia enjektere mazuti ya presha) kinaiona. Motere ikiwa imetulia mistari ilikwenda karibu karibu, baa 300 na kitu. Akamwambia kijana akanyage. Mstari wa kwanza ukapanda kupita 1000, wa pili ukafika 600 ukaanza kutetemeka, na hapohapo taa ikawaka. Akanionyesha alama ya kosa, P0087, akaitafuta kwenye simu mbele yangu, ikatoka kwamba presha ya mazuti kwenye rampe iko chini mno. Niambieni nani hapa angebisha.

Na hayo yote yalikuwa kweli! Ndiyo maana nina uchungu. Kosa lilikuwepo, presha ilikuwa inaanguka, kila mtu angeona. Lakini P0087 inakwambia presha haitoshi, haikwambii nani ameila. Mimi hilo sikulijua, yeye alilijua vizuri sana.

Akazima motere. Akakaa kimya kwanza, sauti ya kutangaza msiba: "Mama, pompe imekufa." Akasema mpya kabisa inapita dola 1000, lakini ana moja aliyoletewa kutoka Dubai, ataniachia kwa 480 kama nitamwachia ile iliyokufa. Nikitaka kubaki na ya zamani, niongeze 150. Jambo hilo ni la kawaida, msinicheke. Hata wauza betri wanafanya: unaacha iliyokufa, unapunguziwa ya mpya. Nikaona ni mtu wa biashara anayejua kazi yake.

Kisha akaniambia kazi ni ndefu, mazuti yatanichafulia kitenge, niende nikale. Akanipa kijana wa kunishikia mwavuli mpaka kwa mama wa chakula. Nilikula bukari na sombe na samaki, nikala vizuri, hata nikaomba kuongezewa mboga. Wakati mimi nakula, wao walikuwa nyuma ya ukuta wanasugua pompe yangu.

Niliporudi, boksi lilikuwa juu ya meza. Akanipa kisu. "Mama ndiye bosi, mama afungue." Nikakata plastiki mwenyewe, kwa mkono wangu. Ndani pompe inang'aa, matundu yamezibwa na vifuniko vidogo vya plastiki vya njano, kuna karatasi yenye maandishi ya Kichina, na stika ya Denso, kampuni ya Kijapani ya vipuri, imebandikwa upande mmoja, imekaa kombo kidogo. Nikaigusa. Kidole gumba kikanata. Kidogo tu, ukikivuta kinatoa kasauti. Nikamtazama, akacheka: "Hayo ni mafuta ya kiwandani, mama, ya kuzuia kutu." Rangi ilikuwa haijakauka, wandugu! Nilikaa na fedha kwenye kucha mpaka Jumapili, nikaenda nayo komunyo.

Ikafungwa, akapampu, akawasha. Ikawaka mara moja. Mistari miwili kwenye skana ikapanda pamoja na kushuka pamoja. Nilichukua video, nikawatumia, wengine mliniwekea makofi. Nikalipa, nikawaongezea vijana franga za kinywaji.

Yaliyonipata gari liliponigomea tena nikitoka Kasumbalesa na unga sitayarudia, walionivuta wanajua.

Mzee aliyetengeneza baadaye hataki jina lake liingie kwenye vurugu hizi, kwa hiyo namwita Mzee. Yeye skana hakuigusa kwanza. Alianza na ile pompe ndogo ya mkono juu ya filta, akaiminya, akaiminya, ikabaki laini. Akasema ikiwa hewa haiingii, inakaza mkononi mpaka inakukatalia. Akaondoa kipande cha tiyo (bomba) ya kuvuta mazuti, akaweka tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani, akawasha. Mapovu! Yanapita moja moja, kisha yanakuja mengi. Tiyo ya mpira ilikuwa na ufa chini ya kibano chake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulegeze. Motere ilikuwa inavuta hewa. Na pompe ya presha haiwezi kukandamiza hewa ikatoa baa 1000, hata iwe mpya kutoka Japani.

Akafungua kizibo cha chini cha filta, akakinga kwenye chupa ya jemu. Maji chini, mazuti juu, na katikati uchafu wa rangi ya kahawa. Filta ile bwana yule aliibadilisha siku ileile, hilo namkubalia, na ndiyo sababu gari lilikimbia vizuri siku za kwanza. Lakini tanki hakulisafisha. (Dereva wangu sasa ndiyo anakubali kwamba alikuwa anajaza mazuti ya bidoni (madumu) za barabarani na kubaki na chenji. Tutaongea yeye na mimi.)

Kisha Mzee akatoa valvu ndogo iliyokaa ubavuni mwa pompe, mafundi wanaiita SCV. Hiyo ndiyo inayopima mazuti kiasi gani yaingie kabla ya kukandamizwa. Kompyuta inaiamuru ifungue au ifunge, na ikinata kwa uchafu presha inacheza, mara chini, mara juu, mara motere inazima. Kwenye motere hizi za mazuti za Toyota, D-4D, ni ugonjwa unaojulikana, Mzee alisema anaukuta mara kwa mara. Yangu ilikuwa na mikwaruzo na inanata. Kuna mtu alikuwa ameipulizia dawa ya kusafishia karbureta ili iamke kidogo. Iliamka, ikanifikisha Kasumbalesa, ikalala tena.

Hapo ndipo Mzee akaniuliza, "Mama, pompe hii ulinunua wapi?" Nikamwambia kwa majivuno kwamba ni mpya. Akachukua bisibisi, akakwangua. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Akaingiza ncha chini ya stika, akaivuta, na chini yake kulikuwa na kibati chenye namba. Nikakumbuka: mwaka jana, nilipokuwa naulizia bei kwa mpwa wangu aliye Dar, nilimpigia picha kibati hicho nikamtumia. Nikarudi kwenye simu, nikatafuta na kutafuta, picha ya kitenge, picha ya ubatizo, nikaipata. Mzee akawa anasoma namba kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole kwenye kioo. Zote. Mpaka ya mwisho. Na sikio moja la boliti limemeguka ncha, vilevile kama kwenye picha. Vijana wa garaji wakanyamaza, mmoja akageuka ukutani kucheka, nikamwona.

Pompe haikuwa na tatizo lolote! Mzee alipima hadi mazuti yanayorudi kutoka kwenye enjektere (zinazonyunyizia mazuti ndani ya motere), kwa sababu enjektere zilizolika nazo zinarudisha mazuti mengi na presha inaanguka vilevile. Zangu nzima. Tiyo, filta, SCV, kusafisha tanki, akaifundisha kompyuta upya kwa skana, basi. Haikufika robo ya nilichompa yule mwizi.

Nilirudi kwake na picha. Mnajua alinijibu nini? "Mama, viwanda vikubwa wakati mwingine vinarudia namba." Kwa uso mkavu! Kisha akaniambia niondoe gari, ninamzibia wateja. Sasa simu yangu haipokei.

Mtu wa namna hii mahali pake ni gereza la Kasapa. Na kabla ya Kasapa apewe mifuko ya unga aibebe kichwani kutoka Kasumbalesa hadi mjini, kilomita 90, na ile stika yake ya Denso ibandikwe kwenye paji la uso, imekaa kombo vilevile. Anyang'anywe skana. Anyang'anywe overoli. Kanisani asimamishwe mbele, na yule aliyenipeleka kwake asimame pembeni yake, sijamaliza naye. Na wale vijana wake, hasa wa mwavuli! Kumbe mwavuli ulikuwa wa kunisindikiza nisione.

Mnaniuliza mtamtambuaje. Mimi nina hasira, sina akili ya kupanga mambo. Fundi akikimbilia pompe bila kugusa filta, bila kutazama hewa kwenye tiyo, bila kutoa SCV, ondoka. Pompe ni ya mwisho, Mzee amesema, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayosingiziwa. Akikuambia nenda ukale, usile. Kaa hapo na njaa yako. Kitu cha zamani usikiache bila kukipiga picha na namba yake, hata kama unakibadilisha kwa mpya, na ukiweza kichore alama mahali pa siri. Stika iking'oka, tazama chini yake. Na harufu! Kitu cha kiwandani hakinuki rangi mbichi.

Jambo jingine, hili si la pesa. Siku ile yule bwana alilegeza tiyo ya chuma ya kwenda enjektere motere ikiwa inawaka, akamwambia kijana apitishe kidole aone kama mazuti yanatoka kwa nguvu. Nilipomsimulia Mzee alishika kichwa. Mazuti ya presha ile yakitoka kwenye katundu kadogo yanapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Unaona kadoa tu, huumwi sana, baadaye mkono unavimba na daktari anatafuta pa kukata. Ukitaka kujua panapovuja, zima, au pitisha kipande cha katoni kwa mbali, kamwe si mkono. Kijana yule ni mtoto wa mtu.

Nimeshaongea na watu wa parke (waendesha mashtaka). Nahitaji wengine, peke yangu nitaambiwa ni maneno ya mwanamke na fundi wake. Kama ulinunua pompe, enjektere au kihisio upande ule, ikiwa kwenye boksi la plastiki na karatasi ya Kichina, chukua bisibisi leo, kwangua, ng'oa stika, piga picha kibati na uniletee pamoja na risiti. Watu watatu wenye picha wanatosha kufungua dosie (faili la kesi).

Na wewe unayejijua, najua mke wako yuko humu anasoma. Dola 480, na franga za kinywaji za vijana.