Old School RuneScape kwa anayeanza leo: gemu tamu, mapokezi bado

Niseme mapema kabisa, hili gemu la onlaini, ambalo watu wengi mnakutana kwenye ulimwengu mmoja wa kufikirika mkipigana, mkifanya kazi za mikono na misheni, nalipenda. Na kwa kuwa nalipenda ndo maana nataka kuongelea kitu kinachoniuma, yaani namna linavyompokea mtu mpya. Huku Mtwara nimeshawavuta watu wengi waanze, washkaji wa Chikongola, majirani, ndugu zangu wa Mikindani, na wengi wao wanaachia sehemu ileile. Hawashindwi na bosi mgumu wala hawalalamikii picha za kizamani, wanaacha ile saa ya kwanza baada ya mafunzo, pale gemu linapokushusha katikati ya kijiji halafu linanyamaza.

Ila nianze na mazuri maana yapo na ni makubwa. Jagex, kampuni ya Cambridge kule Uingereza, walilitoa 2013 wakitumia nakala ya RuneScape ya 2007 baada ya wachezaji wa zamani kupiga kura lirudi, na 2018 likaja kwenye simu. Akaunti ni moja, unacheza kwenye simu ukiwa kwenye daladala ya Mikindani ukifika kwa mwenye kompyuta unaendelea palepale ulipoishia. Simu ya kawaida tu inalibeba. Na kuna kitu ambacho kinatubeba sana sisi tuliopo kusini: gemu linakwenda kwa hatua za sekunde 0.6, yaani kila unachobonyeza kinasubiri hatua inayofuata, kwa hiyo hata kama seva iko Ulaya na mtandao unachelewa kidogo, kwa mambo ya mwanzo hauumii. Kukata miti, kuvua, kupika, kupiga kuku na ng'ombe, vyote vinaenda vizuri tu. Magemu mengi ya onlaini ukiwa mbali na seva umekufa kabla hujaona aliyekupiga, hapa hapana.

Tutorial Island nayo, kile kisiwa cha mafunzo, mimi nakipa alama nzuri tu. Unakata mti, unawasha moto, unavua uduvi unaupika, unakanda unga unaoka mkate, unachimba shaba na bati unayeyusha unafua kisu chako mwenyewe, unaua panya, unaonyeshwa benki, mwisho unamrushia kuku uchawi wa upepo. Kila kitu unakifanya kwa mkono wako na kuna kimshale cha njano kinakuelekeza uende wapi. Mtu ambaye hajawahi kugusa gemu la aina hii anamaliza akiwa anajua vidole vyake vinafanya nini.

Halafu kimshale kinapotea.

Binti wa mjomba wangu, yuko chuo hapa mjini, alimaliza kisiwa akiwa na furaha kabisa, akatua Lumbridge, kile kijiji cha kuanzia, mbele ya kasri, akageuza kamera huku na huku akaniuliza "kaka, sasa?" Na hilo swali ndo tatizo lote. Gemu lina jibu ila halimwambii. Pale pale Lumbridge kuna Adventurer Jon ambaye anatoa njia za kuanzia na vizawadi vidogo, mtu mpya anampita kama anavyowapita watu wengine wote waliosimama pale kwa sababu hajui kwamba huyu ni wa kwake. Ndani ya kasri kuna mpishi analia, ana keki ya sikukuu ya kuzaliwa ya bwana wa kasri na hana yai, hana maziwa, hana unga. Hiyo misheni inaitwa Cook's Assistant na kwangu mimi ndo somo bora kuliko kisiwa chote, maana unatafuta yai kwenye banda la kuku, unakamua ng'ombe kwa ndoo, unavuna ngano unapanda nayo kinu cha upepo hadi juu kabisa, unaimwaga, unavuta wenzo, unashuka hadi chini unakuta unga umeshuka unauzoa kwa chungu. Dada alikwama kwenye wenzo. Alimwaga ngano akashuka chini hakukuta kitu, akapanda tena, akashuka tena, akadhani gemu limeharibika. Nilivyomwambia avute ule wenzo pembeni akashuka akakuta unga, aisee, alicheka peke yake, akakimbia na chungu chake hadi kasri kama mtu aliyetumwa kweli. Kuanzia hapo alikuwa mchezaji.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Asiye na mtu wa kukaa pembeni yake inakuwaje? Kwenye kompyuta wengi wanatumia RuneLite, programu nyingine ya kufungulia gemu hili, ambayo ina nyongeza ya Quest Helper inayokuonyesha misheni hatua kwa hatua, ila mtu anayeanza hajui kama hicho kitu kipo, na wengi wetu huku tunaanzia kwenye simu.

Kingine ni maandishi. Gemu lote ni la kusoma, mazungumzo marefu, utani wa Kiingereza cha Uingereza, na Kiswahili hakimo. Mtu aliyesoma anaelewa ila anachoka, mtoto wa sekondari anabonyeza kuendelea kuendelea kuendelea halafu hajui ameambiwa afanye nini. Sisi kwenye kikundi chetu tumeanza kuandikiana maelezo mafupi ya Kiswahili ya misheni za bure, mtu anarekodi sauti kabisa kwenye WhatsApp "ukifika pale ongea na yule mzee panda ngazi kushoto", na nimeona tofauti kubwa, wanaopata zile sauti hawaachi haraka.

Tuje kwa watu, maana gemu la onlaini ni watu. Hapa ndo napoumia zaidi. Mtu mpya anajulikana kwa nguo zake tu, na matapeli wanamwona haraka kuliko wema. Wapo wanaosema nipe pesa zako nitakurudishia mara mbili. Wapo wanaosema nipe hiyo deraya nitakuwekea nakshi bure, hakuna ufundi kama huo kwa mchezaji yeyote, ukishampa imeondoka. Na wapo wabaya zaidi, wanajifanya marafiki, wanakutembeza, wanakupa chakula, halafu "njoo nikuonyeshe sehemu ya pesa" mnaelekea kaskazini mnaruka mtaro mnaingia Wilderness, na kule mchezaji anaruhusiwa kumuua mchezaji. Gemu linatoa onyo kabla ya kuruka, hilo niwape haki yao, lakini onyo limeandikwa na rafiki mpya yupo mbele yako anakwambia twende, mtu atamfuata nani? Ukifa kule unabaki na vitu vyako vitatu vya thamani vingine anachukua aliyekuua. Ukifa sehemu za kawaida wala sio balaa, unaacha kaburi na una dakika 15 za kurudi kuchukua vitu, ila mtu mpya hilo hajaambiwa vizuri, anaona vitu vimepotea anazima simu.

Halafu yale maneno. Ukiuliza swali la kawaida kwenye chati, njia ya kwenda mji wa Varrock ni ipi, mmoja atakujibu vizuri, mwingine atakuita nubu, yaani mgeni asiyejua kitu, mwingine atakwambia katafute mwenyewe. Sio wote wako hivyo, nimekutana na watu wazuri sana mle, ila mtu mpya akijibiwa vibaya mara ya kwanza harudi kuuliza.

Kwenye jando huku kwetu hakuna mwali anayeachwa bila mlezi, kila mmoja ana mtu anayemjibia. Gemu ambalo limeelewa hilo ni Final Fantasy XIV, gemu lingine la onlaini. Pale mchezaji mpya anawekewa alama ya chipukizi la jani karibu na jina lake, kila mtu anaona huyu ni mgeni, na wapo wazoefu wenye alama ya ulezi ambao kuna chati maalumu ya kukaa nao na kuuliza. Zaidi ya hapo, ukiingia na kundi kwenye shimo la kupigana na maadui na humo kuna mtu ambaye ni mara yake ya kwanza, kundi zima linapata zawadi ya ziada. Yaani badala ya kukasirika kwamba huyu anatuchelewesha watu wanafurahi. Hicho kitu kimoja kinabadilisha tabia za watu kuliko mahubiri yoyote. Na majaribio yake ya bure yanafika levo 70. Shida yake ni faili, makumi ya GB, na linataka kompyuta, PlayStation au Xbox, kwa bando zetu huku ni mtihani, ndo maana bado nawapeleka watu RuneScape.

Jagex wangeweza kuchukua wazo hilo kesho, alama ndogo tu kwa mgeni na faida kidogo kwa anayemsaidia. Ila mabadiliko makubwa ya gemu hili yanapigiwa kura na wachezaji wenyewe, pendekezo linataka 70% lipite, zamani ilikuwa 75%. Naipenda hiyo demokrasia, imelilinda gemu lisiharibiwe. Lakini wanaopiga kura ni walioshafika, yule aliyeacha pale Lumbridge kura yake haipo. Kwa hiyo sisi tuliobaki tukiona pendekezo la kusaidia wageni tulipigie, tuache kusema "mbona sisi tuliteseka".

Upande wa hela, bure unapata ujuzi 15 na ramani ya kutosha kabisa, mtu anaweza kukaa miezi asilipe kitu. Akaunti mpya ya bure ina vizuizi vya biashara mpaka ufikishe alama 10 za misheni, jumla ya levo 100 na masaa kadhaa ya kucheza. Inaudhi ila sababu yake naielewa, ni kwa ajili ya kuzuia maroboti, zile akaunti zinazochezwa na programu badala ya mtu. Waambieni wageni mapema tu ili wasidhani wamefungiwa. Umemba, yaani uanachama wa kulipia, unaweza kuulipia kwa pesa za ndani ya gemu kwa kununua kitu kinaitwa bondi, moja inakupa siku 14, ila mtu mpya asianze kuifukuzia, atachoka.

Na wazoefu nina ombi moja. Ukikutana na mgeni usimpe milioni. Najua unafanya kwa roho nzuri, ila ukimpa deraya kali na pesa za kununua kila kitu umemnyang'anya ile raha ya kufua kisu chake cha kwanza, siku mbili hana cha kutafuta anaondoka. Mpe shoka lililo juu hatua moja, mpe samaki kumi wa kula, tembea naye hadi kwenye kinu, mwambie asivuke mtaro wa kaskazini, muweke kwenye klani, yaani kikundi cha wachezaji, basi. Kesho muulize amefikia wapi.

Kwa gemu lenyewe natoa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa mapokezi ya mgeni anayecheza peke yake natoa mbili na nusu, na kwa anayeanza akiwa na mtu pembeni natoa nne. Kwa hiyo kama upo Mtwara au Lindi na unataka kuanza, usianze peke yako, tafuta wenzako wawili watatu mfungue akaunti siku moja. Na tangu 2021 kuna Group Ironman, kundi la watu wawili hadi watano mnaojitegemea wenyewe bila kununua kwa wengine, tapeli wa kubadilishana vitu hana pa kukushika hapo maana hamfanyi biashara na mtu wa nje. Mmoja anavua, mwingine anachimba, mwingine anapika. Mkishamaliza Cook's Assistant ndo mje tuongelee mazimwi.