Niliagiza klorini, wakaniletea asidi ya choo

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, ndiyo maana naandika.

Mama yangu ametoka hospitali si muda mrefu, na kidonda cha upasuaji bado kibichi. Mimi ndiye ninayemuuguza, na siwezi kumwacha niende dukani kila kitu kinapoisha. Kwa hiyo naagiza kwa simu na mtu analeta mpaka mlangoni. Huduma hii imenibeba kwa miezi, sitaki kuidhulumu. Ungeniuliza kabla ya siku ile ningeisifia.

Orodha yangu ilikuwa fupi: maziwa, mkate, mayai, kuku, na chupa mbili za klorini isiyo na manukato, ile ninayolowekea mashuka ya mama na kusafishia bafu. Mzigo ulipofika, mkate ulikuwa umelaliwa na chupa mpaka ukawa bapa, na kuku mbichi alikuwa anavuja maji ya damu juu ya trei ya mayai. Hayo niliyameza. Nikamtenga kuku, nikafuta kila alipogusa, nikanawa mikono kwa sabuni. Zile chupa sikuzitazama kwa makini. Zilikuwa nyeupe, zenye kifuniko cha buluu kama zile za siku zote, nami nikazipanga bafuni.

Haikuwa klorini. Ilikuwa dawa ya choo yenye asidi ya haidrokloriki.

Mdogo wangu ndiye aliyeifungua. Kwenye ndoo kulikuwa na maji ya klorini yaliyobaki tangu asubuhi, akaona yamepungua nguvu, akaongezea kutoka chupa mpya. Nikiwa jikoni nikamsikia anakohoa, kikohozi cha mtu aliyekabwa koo. Nilipofika mlangoni, harufu ilinichoma macho kabla sijavuta pumzi. Nikamshika mkono nikamtoa, nikaubamiza mlango wa bafu, nikafungua madirisha yote, tukambeba mama na kiti chake hadi nje. Mama hakuelewa kinachoendelea. Alikuwa ameshika tumbo penye mshono akiuliza, "Nini kinaungua? Nini kinaungua?"

Mdogo wangu alipelekwa kupimwa kifua, akaonekana mzima. Koo lilimwasha siku mbili.

Klorini ya kusafishia ni sodiamu haipokloraiti. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile waliyofukiziwa wanajeshi kwenye mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Sitii chumvi. Gesi ya ndoo moja ni kidogo, lakini bafu letu nalo ni dogo, na chumba cha mama kimepakana nalo. Anayepanga mzigo wa watu anapaswa kulijua hilo, au aliyemwajiri amfundishe. Onyo la kutochanganya limeandikwa kwenye chupa zenyewe!

Nikapiga simu. Aliyepokea akaniambia, "Dada, si zote ni dawa za kusafishia?" Nikamweleza kilichotokea, taratibu, neno kwa neno. Akasema sikuondoa alama ya kukubali mbadala. Nikaitafuta. Iko chini kabisa kwenye ukurasa wa kulipia, na imeshawekwa tiki kabla hujagusa chochote. Hakuuliza kama kuna mtu aliyeumia.

Sipingi mbadala. Maziwa ya kampuni nyingine nitakunywa, mayai madogo badala ya makubwa nitapokea. Lakini vitu vya usafi havifanani kwa kukaa rafu moja. Nyuma kidogo, nyumba nzima ikiwa inatapika na kuharisha, niliagiza sabuni wakanipa kitakasa mikono cha pombe. Virusi kama norovirusi pombe haiviwezi vizuri, vinaondoka kwa sabuni na maji yanayotiririka. Wakati ule nilisema ni bahati mbaya. Sasa naona ni mazoea.

Kijana aliyeleta mzigo simlaumu hata kidogo. Yeye hukabidhiwa mfuko umeshafungwa. Aliposikia, alipiga mwenyewe jioni: "Pole sana dada, mama anaendeleaje?" Ni yeye peke yake aliyeuliza. Kwa sababu yake nilitaka kuandika kwamba endeleeni kuwatumia kwa chakula, ondoeni ile tiki, na dawa za usafi mkanunue wenyewe. Kuna wagonjwa, kuna wazee, kuna wenye vichanga, hawana njia nyingine ya kupata unga na maziwa. Mimi mwenyewe sina. Nilikuwa nawapa nyota tatu.

Nikiwa naandika, ujumbe wao umeingia. Wamesikitishwa na usumbufu, na wamenirudishia pesa ya chupa moja.

Chupa zilikuwa mbili. Iliyofunguliwa, wanasema, imeshatumika.

Imeshatumika! Ilimwagwa kwenye ndoo mtoto wa watu akakosa pumzi, nao wanaiita matumizi. Nyota tatu nimezifuta, nimeacha moja, na hiyo ni ya yule kijana. Chupa zote mbili ziko nje kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na mlango. Waliahidi kuzifuata juzi.