Uzoefu wangu na WinCC: kisanduku cha joto kwenye kiwanda cha mawese Kigoma

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mawese hapa Kigoma. Ni zaidi ya mwaka sasa natumia WinCC, programu ya Siemens ya kutengeneza skrini za mitambo, ile iliyomo ndani ya TIA Portal (programu yao kubwa ya kupanga mitambo), kupanga skrini yetu ya kugusa ya inchi 7, KTP700 Basic, iliyounganishwa na PLC ya S7-1200, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo. Nitaongelea visanduku vya kuonyesha thamani tu, maana opereta haoni kitu kingine.

Mafuta yakitoka kwenye kikamulio yana maji na tope. Tunayaweka kwenye tangi, joto kati ya nyuzi 85 na 95, ili mafuta yapande juu. Yakipoa yanakuwa mazito, hayajitengi tena, na kazi ya siku nzima inaharibika. Ndiyo maana ile namba ya joto naijali kuliko zote.

Nilipoanza kazi nilikuta kisanduku kinaonyesha 912. Opereta wa zamu, mama mtu mzima anayejua mawese kuliko sisi wote, alishazoea kuiacha tarakimu ya mwisho. Kumbe moduli ya S7-1200 inayosoma sensa ya joto ya Pt100 inapeleka joto kwa sehemu za kumi za nyuzi, kwa hiyo 912 ni nyuzi 91.2. Nikafungua sifa za kisanduku, upande wa umbizo, nikasogeza nukta ya desimali hatua 1, nikaongeza °C pembeni. Mama akaitazama, akasema, "Hapo sawa mwanangu, hata mgeni atasoma."

Presha ya mvuke ni habari nyingine. Sensa ya miliampea 4 hadi 20 inaingia kwenye PLC kama namba ya 0 hadi 27648, na hapo kusogeza nukta hakusaidii kitu. Unaweza kuigeuza kuwa bar (kipimo cha presha) kwenye tagi ya skrini yenyewe, yaani jina linalobeba thamani kutoka PLC, lakini mimi naigeuza ndani ya PLC kwa amri zake mbili za kugeuza vipimo, NORM_X na SCALE_X, ili skrini, kengele na vali vyote vitumie namba moja.

Jambo ambalo ningemsihi kila fundi mwenzangu: kagua modi ya kisanduku. Chetu cha joto kilikuwa kimeachwa kipokee na kuonyesha, kwa hiyo mtu akikigusa inatokea kibodi. Kijana mmoja wa zamu alikigusa akifuta vumbi. Thamani ya sensa haipaswi kuandikwa na mtu, basi kiweke kwenye kuonyesha tu.

Halafu usiku mmoja nikapigiwa simu. "Shikamoo fundi, joto limepotea, skrini imejaa alama za reli." Nilifika nikakuta ##### kweli. Waya wa sensa ulikuwa umekatika karibu na mguu wa tangi. Waya ukikatika, moduli inatoa 32767, yaani nyuzi 3276.7, na kisanduku changu kilikuwa na nafasi ya 999.9 tu. Programu haikukosea: namba ikizidi nafasi, inaweka zile alama badala ya kukudanganya kwa tarakimu nusu. Aliyepungukiwa ni mimi, kwa sababu opereta hakuachiwa maneno ya kumwambia kilichotokea. Siku hiyo hiyo nikaweka maandishi "WAYA WA SENSA UMEKATIKA" yanayojitokeza thamani ikifika 32767. Nikaongeza na rangi: kijani kutoka 850 hadi 950, nje ya hapo nyekundu. Kumbuka mipaka ya rangi inafuata namba ghafi ya tagi. Nilipoandika 85 na 95 mara ya kwanza, kisanduku kilibaki chekundu muda wote.

Yote hayo niliyajaribu kwanza kwenye laptop kwa kiigizo cha tagi: unaandika 912, unaandika 32767, unaona skrini inafanya nini kabla ya kuipeleka kiwandani. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa bora kuliko vyote humo ndani. Muda wa kusasisha nimeuweka sekunde 2, kwani joto la tangi kubwa halirukiruki.

TIA Portal inataka kompyuta yenye nguvu, hilo ulijue kabla ya kununua. Lakini kwa kazi ya kupanga visanduku naipa nyota 5 bila kusita. Wiki ijayo nahamia kwenye tangi la kuchemshia chikichi. Sensa yake nimeshaifunga, na maandishi ya waya kukatika ndiyo ya kwanza kuwekwa.