Kukaa barazani Tanga bila kuliwa na mbu: nini ununue kwanza, nini ukiache hukohuko dukani

Wadau habari za jioni. Naandika nikiwa kibarazani kwetu Mwanzange, saa 1 na nusu usiku, birika la kahawa liko pembeni, mama amekaa kwenye mkeka wake na hakuna aliyejipiga kofi mguuni tangu tulipotoka kuswali magharibi. Miaka mitatu nyuma hii haikuwezekana kabisa. Wanaoishi Tanga wanajua, kuanzia Disemba mpaka masika yaanze ndani hakukaliki, bati limekunywa jua kutwa nzima linakutemea wewe usiku, kwa hiyo nyumba nzima mnahamia nje na huko nje ndiko mbu wanakowasubiri. Chandarua unacho, sawa, lakini chandarua ni cha kulalia na mtu halali saa 1. Kuna masaa matatu manne hapo kati ambayo hatujakingwa na kitu, na hayo ndiyo nimeyahangaikia kwa hela yangu mwenyewe. Nimenunua karibu kila kinachouzwa soko la Mgandini chenye picha ya mbu. Nawapangia kuanzia kinachostahili hela mpaka kisichostahili.

Ila kabla hujatoa hela ujue unagombana na nani, maana mbu hawafanani. Kuna anofelesi wa malaria, huyu anauma usiku. Kuna kyuleksi, ndiye yule anayeimba sikioni, anazaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo, na huku pwani ndiye msambazaji mkubwa wa matende na mabusha. Alafu kuna aedesi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anauma mchana hasa asubuhi na jioni jua likielekea kuzama, wa dengue, na wengi mnakumbuka 2019 dengue ilivyosumbua Dar na huku Tanga ikafika. Maana yake ukitoka kibarazani saa 11 jioni unakutana na aedesi, ukikaa mpaka saa 4 usiku unakutana na wenzake. Kitu chochote unachonunua kiwe kinawahusu wote watatu.

NAMBA MOJA: FENI. Najua wengi mlitegemea nianze na dawa, lakini nasema feni na narudia feni. Mbu ni mdudu dhaifu sana kwenye kuruka, upepo mdogo tu unamshinda. Wanaokaa Raskazone wanajua hili bila kusoma popote, kusi ikivuma kutoka baharini unakaa nje mpaka saa 5 huoni mbu, upepo ukilala tu, balaa. Feni inakuletea huo upepo hata siku ambazo wa baharini umelala. Na kuna la pili, mbu anatupata kwa kufuata hewa tunayoitoa tukipumua pamoja na harufu ya jasho, feni inavitawanya vyote viwili kwa hiyo hata anayezunguka pale karibu anakosa njia ya kufikia mwili wako.

Mimi nilifika kwenye feni kwa sababu ya mama. Ana pumu, na tulikuwa tunawasha dawa ya moshi kila siku jioni, anakohoa, tunasema ni vumbi la barabarani. Siku dawa ilipoisha na duka limefungwa nikatoa feni ya chumbani nikaiweka nje kwa ekstensheni, basi tu nipunguze joto. Usiku ule hakukohoa na hatukuumwa. Tangu siku hiyo sijarudi nyuma.

Sasa jinsi ya kuchagua. Chukua ya kusimama ya inchi 16 yenye kitako kizito, vile vyepesi vyenye miguu ya msalaba watoto wakipita mbio inaanguka na panga linavunjika. Mwambie muuzaji aichomeke hapohapo, iwashe spidi zote tatu, sikiliza kama inagonga, ishushe shingo na uipandishe uone inashika. Mimi niliipata kwa elfu hamsini na tano, za mezani niliziona kuanzia thelathini, bei zinapanda na kushuka kwa hiyo zunguka maduka mawili matatu. Kuhusu umeme msiogope, feni ya wati 50 ukiiwasha kuanzia saa 1 mpaka saa 5 usiku uniti moja ya LUKU inakutosha siku tano. Kama kwenu umeme unakatika sana angalia zile za kuchaji zenye betri ndani, ila usiridhike na maneno, muulize inakaa masaa mangapi ikiwa spidi ya juu maana kwenye spidi ya chini kila feni inakaa sana. Ekstensheni nunua nene, na mvua ikianza kunyesha chomoa kwanza ndio uingize vitu vingine.

Na namna ya kuiweka ndio siri yenyewe. Watu wanaielekeza usoni. Hapana, ishushe! Anofelesi akimkuta mtu amekaa nje anapenda kuuma chini, miguuni na kwenye vifundo, kwa hiyo upepo upite usawa wa mkeka au chini ya viti. Kama mko wengi kaeni mstari mmoja, msijipange duara, wale wa upande wa pili wa duara hawapati kitu.

NAMBA MBILI: MAFUTA YA KUJIPAKA. Haya ndiyo ya mtu anayehama hama, anakwenda genge, anapika nje, anakaa msibani, sehemu ambazo huwezi kubeba feni. Usinunue kwa picha ya mbele, geuza kopo usome maandishi madogo nyuma utafute kiungo. Unachotafuta ni DEET, au ikaridini. DEET sio kitu kipya cha kujaribiwa kwako, jeshi la Marekani lilianza kuitumia 1946 na raia wakauziwa kuanzia 1957, kwa hiyo imeshatumika miaka mingi mno. Asilimia inaongeza muda na haiongezi ukali, yenye asilimia 20 mpaka 30 inakutosha jioni nzima, ile ya asilimia 7 au 10 itabidi ujipake tena kabla hujamaliza kula. Kama nyuma hakuna kiungo wala asilimia, imeandikwa tu maua na mimea, rudisha. Mafuta ya mchaichai yanafanya kazi kweli ila kwa muda mfupi, saa moja na ushee hivi, alafu mbu wanarudi na wewe unadhani bado umekingwa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili usimpake DEET kabisa, huyo mfunike kwa chandarua kidogo cha kukunja. Watoto wakubwa wapake wewe, na usiwapake viganjani maana wataingiza mdomoni. Paka sehemu iliyo wazi tu, sio chini ya nguo, na usiruke sehemu, mbu ataipata ileile uliyoiruka. Alafu angalieni simu zenu na saa za plastiki, DEET inalainisha plastiki, kava la simu ya dada yangu lilianza kunata tukabaki tunaulizana kulikoni.

Hapo kwa kweli feni na mafuta vinatosha kwa kibaraza. Vinavyofuata ni vya nyongeza, au ni vya mtu ambaye hivyo viwili hawezi kuvipata.

Tatu naweka NYAVU ZA MADIRISHA kwa wanaopumzika sebuleni. Gharama yake ni ya mara moja, fundi anapima, unalipa, umemaliza miaka kadhaa. Kosa la mafundi wengi ni kuacha uwazi juu ya mlango na pale ukuta unapokutana na bati, mbu anapita hapo kama mlangoni kwake. Mwambie aanze na hapo.

Nne ni DAWA YA KUWASHA, ile ya duara ya kijani. Najua ndiyo inayouzwa zaidi kuliko vyote, pakiti haizidi buku mbili na kila duka la mtaani ipo. Nataka niwe mkweli kwenu kuhusu hii. Inafanya kazi. Ilitokea Japani mwishoni mwa miaka ya 1800, mwanzo ilikuwa vijiti vya pareto, na vijiti vilikuwa vinaisha haraka ndio likaja wazo la kuizungusha ili iwake usiku mzima. Pareto yenyewe hata sisi tunalima, Mafinga huko na Mbeya. Siku hizi nyingi zina dawa ya kiwandani iliyoigwa kutoka kwenye pareto. Shida ni moshi. Kuna utafiti ulitoka 2003 ulipima vumbi laini la moshi wake, lile linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, ukakuta kipande kimoja kikiungua chote kinatoa sawa na sigara 75 mpaka 137. Kimoja hicho! Sasa fikiria chumba cha futi kumi kwa kumi, madirisha yamefungwa, mtoto mchanga kitandani. Niliposoma hilo nilimfikiria mama na jioni zote zile alizokohoa.

Kwa hiyo kama ndiyo unayoweza kumudu sasa hivi, washa nje tu, iweke upande unaotoka upepo ili moshi upite miguuni, kaa nayo mbali kidogo, iweke juu ya kibati au sahani ya udongo mbali na mkeka na pazia. Ndani usiwashe. Na kwenye hesabu za mwaka sio rahisi kama inavyoonekana, duara moja kila siku mwaka mzima unakaribia hela ya feni.

VYA KUCHOMEKA kwenye soketi, vya maji au vile vya kikaratasi, havina moshi na chumbani kwenye kuta nne vinasaidia. Kibarazani dawa inapeperuka yote. DAWA YA KOPO ya kupuliza inaua waliopo muda huo, puliza chumbani saa 12, funga, toka nusu saa, fungua madirisha yenye nyavu, ingia. Kufunika chakula na maji lazima, na wenye paka wawe waangalifu sana maana permetrini na ndugu zake, dawa zinazotiwa kwenye makopo hayo, ni sumu kali kwa paka, na kwa samaki pia. RAKETI YA UMEME ni nzuri kwa wale wawili watatu waliobaki ndani ya chandarua, basi.

Sasa vya kuacha dukani. Cha kwanza ni kile kidude cha kuchomeka kinachosemekana kinatoa sauti ambayo mbu anaikimbia. Niliuziwa duka moja mjini, elfu kumi na tano, nikaambiwa kinafukuza mbu, panya na mende. Mbu walikuwa wanatua juu yake. Baadaye nikasoma kwamba 2007 wataalamu walikusanya majaribio 10 yaliyofanywa porini na majumbani kuhusu hizo sauti, hakuna hata moja lililoonyesha zinazuia mbu kuuma. Programu za simu za kufukuza mbu ni hivohivo. Inaniuma kwa sababu anayenunua ni mtu mwenye mtoto, anayaamini yale maandishi, alafu analala bila chandarua.

Cha pili ni taa ya bluu inayopasua wadudu. Inapasua kweli na mlio unaridhisha, lakini Marekani miaka ya 1990 walihesabu wadudu 13,789 waliokufa kwenye taa hizo, wanaouma watu walikuwa 31 tu. Waliobaki ni wadudu wasio na kosa, na wengine wanatusaidia mashambani. Mbu anafuata pumzi yako, taa sio shida yake.

Mtaniuliza vya bibi zetu. Kivumbasi ukikisugua na kukitundika mlangoni kinapunguza kiasi, na kwetu Pangani walikuwa wanafukiza makumbi ya nazi au majani ya mwarobaini. Vinapunguza, sikatai, ila makumbi nayo ni moshi uleule, kwa hiyo nje na kwa mbali. Kivumbasi mimi nimekipanda, bure kabisa na kinanukia.

Kuna kitu kimoja ambacho ningekinunua leo kama kingekuwepo maduka ya huku. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichukua mkonge, mkonge huuhuu wetu, wakaulowesha dawa inaitwa transfluthrini inayojipuliza yenyewe taratibu bila moto wala umeme, wakatundika kama mapambo kwenye baa za nje, baadaye wakajaribu na kwenye viti na hata ndala, na walioketi hapo wakaumwa kidogo sana. Jamani mkoa wenye mashamba ya mkonge kila upande, hiki kitu kingetakiwa kishonwe hapahapa Tanga.

La mwisho halina bei. Kabla hujaenda dukani zunguka nyumba. Vifuu, matairi, kopo la rangi, sahani ya chini ya maua, pipa lisilo na mfuniko, aedesi anahitaji wiki moja au siku kumi tu kwenye maji kutoka yai mpaka kuruka, na mayai yake yanakaa makavu miezi yakisubiri mvua. Kwetu tunamwaga kila Ijumaa asubuhi na mapipa tunayasugua kuta zake. Kwa choo cha shimo chenye maji, Makunduchi kule Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga punje nyeupe za polistairini, kama zile za kwenye maboksi ya TV lakini ndogo ndogo, zikaelea juu ya maji kama blanketi, viluwiluwi wakakosa hewa na kyuleksi wakapungua sana. Ukipata punje hizo chukua. Na ongea na jirani pia, karo la kwake lisilo na mfuniko ndilo linalokulisha mbu wewe, mimi nilimpelekea wa kwangu mfuniko wa zege tuliochangia nusu kwa nusu.