Kutengeneza lab za mitandao na Packet Tracer, uzoefu wangu

Mi nafundisha mitandao chuo kimoja huku Mwanza, vifaa tulivyonavyo ni ruta mbili na swichi tatu za kugombaniwa na darasa zima, sasa hapo unafundishaje VLAN (kuigawa swichi moja iwe kama mitandao kadhaa) mtu aelewe. Ndo nikahamia Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, na sisemei kule kuchora mtandao tu ambako kila mtu anakujua, nasemea Activity Wizard, unabonyeza Ctrl+W unajitengenezea somo lako na linajisahihisha lenyewe.

Mtandao unaujenga mara mbili. Kuna ule uliokamilika, hayo ndo majibu, na kuna ule wa kuanzia ambao mwanafunzi anaukuta nusunusu au umeuvuruga makusudi. Unaandika maelekezo, unaweka nywila wasichungulie, ukisevu inatoka faili ya pka badala ya pkt ya kawaida. Mwanafunzi akipatia kitu anaona asilimia zake zinapanda, aisee hapo ndo utawajua, kuna mmoja alifika 97 akagoma kwenda kula.

Ila lab yangu ya kwanza ilinitia aibu. Kwenye kuchagua vya kusahihishwa kuna orodha ndeeefu ya visanduku, mi kwa uvivu nikatiki karibu vyote. Kijana ananiita, "mwalimu njoo, ping inaenda ila naambiwa nimekosa", nacheki kweli pc zinaongea fresh kabisa, kumbe kachomeka kebo tundu la Fa0/2 na mi kwenye majibu nilichomeka Fa0/1! Sahivi natiki mipangilio ya anwani tu, yani IP, mask na gateway basi, mengine nawaachia connectivity test, yani pc ikimfikia mwenzake umepata.

Alafu kwenye maelekezo andika kabisa kwamba swichi ikichomekwa taa yake inakaa rangi ya chungwa kama sekunde 30 hivi, ni spanning tree (inayozuia data isizunguke bila mwisho kati ya swichi) inajipanga, bila hivyo watachomoa kebo wakichomeka tena mpaka kipindi kinaisha. Ruta ikibaki nyekundu usiwaambie, waache waikumbuke wenyewe no shutdown, amri ya kuwasha tundu la ruta.

Ni simulesheni lakini, sio amri zote za ruta halisi utazikuta, anayetaka hizo aende GNS3, programu inayoendesha mfumo halisi wa ruta, kama kompyuta yake ina RAM ya kutosha, zetu zingelia. Packet Tracer ni bure, unajisajili tu akaunti. Na ile nywila ya pka iandike kwenye daftari, mi moja niliisahau nikaijenga lab upya usiku kucha.