Toastmasters: Ada Ni Moja, Faida Iko kwenye Zamu

Toastmasters ilianzia Santa Ana, California, mwaka 1924, Ralph Smedley alipowakusanya watu YMCA wajizoeze kuzungumza hadharani. Leo klabu zake zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na swali la kwanza la anayetaka kujiunga huwa ni bei. Makao makuu hutoza dola 60 kila miezi sita, na mwanachama mpya huongeza dola 20 mara moja. Klabu nayo inaweza kuweka kiasi chake juu, mara nyingi cha ukumbi. Kwa fedha hizo hupati mwalimu, maana wanachama hufundishana wenyewe. Unacholipia hasa ni zamu, yaani nafasi ya kushika kazi fulani kikaoni, kama kuhutubu, kutathmini au kushika saa. Klabu isiyogawa zamu vizuri haifai, hata ukumbi wake uwe mzuri kiasi gani.

Kikao huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Hotuba nyingi ni za dakika 5 hadi 7: mshika saa anawasha taa ya kijani au kunyanyua kadi ya kijani dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7. Anayejibu swali la papo kwa papo ana dakika 1 hadi 2. Kuna pia wa kuhesabu "eee" na maneno ya kujazia. Vikao vingi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini "yaani" hujipenyeza humo humo, nayo inahesabiwa. Mwanachama mpya aanze na zamu ya kushika saa na hii ya kuhesabu, kwani zinamlazimu kusikiliza kikao kizima na kusimama mbele ya watu kwa sentensi chache tu. Kisha atoe hotuba ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6, ambayo ndiyo ya kwanza katika mtaala.

Tathmini, yaani maoni ambayo mwanachama mwenzako hutoa juu ya hotuba yako, ndiyo moyo wa huduma hii, na ndiyo inayoharibika upesi. Mtathmini ana dakika 2 hadi 3. Anapaswa kusoma malengo ya hotuba kabla ya kikao na kumuuliza msemaji anataka aangaliwe wapi. Kisha anukuu alichosikia. "Ulikuwa vizuri, hongera" haimsaidii mtu. "Ulipotaja bei ulitazama karatasi, nasi tukaacha kukuamini, sema bei ukitutazama" inamsaidia wiki ijayo. Watu wanaofanya kazi ofisi moja huogopana, hivyo klabu za kampuni zinahitaji msimamizi wa tathmini mwenye uthabiti, hasa pale bosi anapohutubu.

Uongozi una nafasi saba, kuanzia rais hadi mtunza ukumbi. Inayobeba klabu ni ya makamu wa rais wa elimu. Huyu hupanga zamu, na hatua za mwanachama katika mtandao wa mafunzo zinahitaji kuidhinishwa naye au kiongozi mwenzake mwenye ruhusa. Akichelewa, mtu aliyemaliza hotuba zake zote hubaki amekwama hatua ileile. Ratiba ikitoka asubuhi ya kikao, wenye udhuru hawana muda wa kutafuta mbadala, na wale wale watatu wanashika kila kitu mpaka wanachoka. Ratiba ya wiki nne mbele, yenye jina kwenye kila zamu, huzuia hilo. Kipindi cha uongozi kwa kawaida ni mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Julai. Anayetaka nafasi ya makamu wa elimu amsaidie aliyepo miezi kadhaa kabla ya uchaguzi.

Kuhudhuria kama mgeni kwa kawaida ni bure, kwa hiyo tembelea klabu mbili tatu kabla ya kulipa. Omba ratiba ya kikao kijacho: ukikuta nusu ya zamu hazina majina, nenda klabu nyingine. Angalia kama kadi nyekundu hunyanyuliwa hata rais anapopitisha muda, na uwaulize wanachama wapya wamekaa muda gani kabla ya kupewa zamu ya kwanza.